Fundi Aliyesikia Pistoni Zikilia

Upepo ulifunua turubai kidogo tu, kiasi cha mtu mwaminifu kupita bila kuona. Haidari hakuwa mtu wa aina hiyo, kwa hiyo aliona. Nyuma ya duka la mawese la Bi Mwajabu, sokoni Kasulu, mashine ya boti ilikuwa imefungwa kwenye mbao mbili, propela ikigusa vumbi. Ziwa liko mbali, huko Kigoma. Huku milimani kinachoelea ni harage bovu kwenye sufuria. Haidari akajua papo hapo kwamba mashine ile haina wa kuitetea.

Akaegesha pikipiki yake. Na tuseme kweli kuhusu pikipiki hiyo, maana kuhusu Haidari kweli ni haba: ndicho kitu pekee alichowahi kukipata bila kumdanganya mtu. Alilima maharage Titye misimu miwili, akavuna, akauza, akanunua. Jasho lile lilimuudhi kiasi kwamba aliapa kutorudia.

"Shikamoo mama. Ile mashine ya nani?"

"Marahaba. Ya marehemu mume wangu. Alikuwa na boti Ujiji. Kaniachia chuma hicho na mawifi."

"Unaiuza?"

"Nitauzaje kitu ambacho sijui kinaumwa nini? Shida yangu mimi ni usafiri. Mawese yangu yamelala Kagerankanda, yanawangoja bodaboda wajisikie."

"Basi umepata fundi," alisema Haidari, akajikohoza kitaalamu.

Ufundi wake wote wa mashine za boti aliupata Kigoma, siku aliyokula migebuka na nahodha mmoja. Nahodha yule, kila alipoiacha boti, alichomoa kidude chekundu chenye kamba ya kujiviringa, akakitia mfukoni. "Bila hiki," alisema, "hata aliyeiunda haiwashi." Mtu mwingine angesahau. Haidari alikihifadhi moyoni kama Mwislamu anavyohifadhi sura fupi.

Kesho yake akaja na ovaroli, bisibisi na kipande cha mpira wa maji. Majaliwa, muuza soda wa jirani, akasogeza kreti na kukaa, kwa sababu burudani ya bure haipatikani kila siku. Haidari akapiga magoti mbele ya mashine, akaipapasa huku na huku, na kidude chekundu kikahamia mfukoni mwake. Kisha akavuta kamba ya kuwashia.

Kamba ikaja laini, bila ubishi, kama uzi wa cherehani. Mashine kimya. Moyoni Haidari aliimba: haijakwama hata kidogo, nyororo, nzima! Usoni akavaa msiba. Akaweka ncha moja ya mpira kwenye kava, nyingine sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Pole, mama."

"Nini tena?"

"Pistoni. Nazisikia zinalia. Zote mbili."

Bi Mwajabu akaacha kupima mawese. "Pistoni? Umezisikia kabisa, mwanangu?"

"Ya kushoto ndiyo ina hali mbaya."

"Mana yanje! Mungu wangu!" akasema Majaliwa, na soda ikampalia.

Bi Mwajabu akajifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakitetemeka. "Huifungui hata kava, uhakikishe?"

"Daktari mzuri hapasui ovyo."

Haidari akamwonea huruma, kwa namna fisi anavyomwonea huruma mbuzi. Akasema chuma hicho sasa ni cha kuyeyusha masufuria tu, lakini kwa kuwa yeye ni mtu wa dini na mama ni mjane, angekichukua na kumwachia pikipiki.

"Pikipiki nzima kwa maiti?"

"Thawabu, mama. Thawabu."

Thawabu yenyewe iliitwa Nurudini, mwenye maboti Kigoma. Haidari alikwisha kumpigia simu na kumwambia kuna mashine safi imetoka Bujumbura. Bujumbura aliiongeza kwa heshima tu, maana bidhaa ya mbali haiulizwi maswali. Bei waliyoelewana ingemnunulia pikipiki mpya na cheo cha bosi.

Pale sokoni watu wakibadilishana mali hunywa soda mbele ya shahidi, na aliyemeza harudi nyuma. Haidari ndiye aliyeharakisha soda, mjane asije akapata muda wa kufikiri. Majaliwa akafungua mbili.

"Nimekupa kama ilivyo," akasema Bi Mwajabu.

"Nimepokea kama ilivyo," akasema Haidari, akamimina yote kooni.

Mchana Nurudini akafika na gari lake. Walikutana penye kuoshea magari, ambako Haidari alikuwa amejaza pipa maji na kuitumbukiza propela. Watu wakajaa. Haidari akapachika kidude chekundu kwa madaha.

"Vuta mwenyewe, bosi. Kamba yake nyororo!"

Nurudini akavuta kwa vidole viwili. Akavuta tena, akamtazama Haidari.

"Mashine nzima inakung'ang'ania kamba mpaka bega liume. Hii inakuja yenyewe. Nani kakwambia unyororo ni afya?"

Akafungua kava. Palipotakiwa kuwa na kichwa cha injini palikuwa na matundu mawili matupu. Katika lile la kushoto, panya alikuwa amejenga. Nurudini akacheka mpaka akakalia tairi.

"Bujumbura, eti! Hii ya marehemu Isihaka wa Ujiji. Kabureta, kichwa na pistoni aliniuzia mkewe mwaka juzi. Ziko kwenye boti yangu, na haziumwi kitu."

Haidari akaiacha mashine pipani. Kwa mazoea ya yule nahodha akachomoa kidude, akatembea kwa miguu hadi sokoni. Pikipiki yake ilikuwa mlangoni, imeshafungwa madumu ya mawese. Aliyakumbuka maharage ya Titye, na mgongo ukamuuma upya.

"Mama, umeniuzia ganda!"

"Nimekuuzia kama ilivyo. Wewe ndiye uliyesema pistoni zimo. Mimi nilifurahi, nikadhani zimerudi nyumbani."

"Na soda ulimeza," akasema Majaliwa. "Niliona koromeo likipanda na kushuka."

Haidari akageuka aondoke.

"Ngoja, mwanangu. Kile kidude chekundu."

"Ni cha mashine, na mashine ni yangu!"

"Ulikitia mfukoni kabla ya soda. Hakikuwemo kwenye mapatano. Majaliwa, alikichukua lini?"

"Kabla. Tena kwa mkono wa kushoto."

"Nipe basi. Nurudini kanipigia sasa hivi, chake kimekatika."

Haidari akakitoa. Bi Mwajabu akakifuta mawese ya vidole vyake, akakitundika msumarini. Kisha fundi akashika njia ya Titye kwa miguu, ovaroli begani. Msimu wa maharage ulikuwa ndio kwanza unaanza.