Tembo wa Mwaka wa Pili A

Jumatatu, 11 Februari 2002
Habari tamu! Alhamisi inspekta anakuja kusikiliza somo la kusoma. Mwalimu ambaye watoto wake wataelewa zaidi atapewa mwaka wa sita. Mwaka wa sita! Wazazi wanakuamkia kwa mikono miwili! Mpinzani ni mmoja tu, Madamu Hortense wa pili B, nyuma ya turubai linalogawa darasa letu. Yeye anauliza maswali tu: nani kafanya, kwa nini, kisha nini. Usingizi mtupu. Mimi nina mbinu.

Jumanne, 12
Somo: tembo wanavamia shamba, mama anapiga kelele, watu wanakimbia. Kitabu kimoja, watoto hamsini. Basi hatusomi, tunaigiza! Trésor ni tembo. Vicky ni mama. Sauti gani ile! Mbuzi wa direkta, mkuu wetu wa shule, kakata kamba. Nimecheka mpaka machozi.

Jumatano, 13
Hortense kanishauri, kwa upole wake wa kuudhi, nipunguze kelele: siku hizi za vita watu wa mtaa wetu wa Bigo wanalala na viatu, tayari kukimbia. Wivu huo! Nimeongeza masufuria ya kugonga.

Alhamisi, 14
Inspekta kaketi. Vicky kasahau maneno ya kitabu, kapiga kelele ya kwao nyumbani, ile ya usiku wa mashambulizi: “Banakuja! Mukimbie!” Masufuria! Watoto wote nje, kama nilivyowafundisha. Mara Bigo nzima imebeba magodoro. Direkta mbele na mbuzi wake. Inspekta kawapita wote, kiatu mkononi. Na mimi? Niliona watu wanakimbia, nikakimbia. Nani abaki kuuliza? Nilikuwa nimeshatoka mjini, niko barabara ya Bogoro, nilipokumbuka kwamba nimeanza mimi.

Ijumaa, 15
Tumerudi, miguu inauma. Pili B hawakutoka kabisa! Inspekta, aliyerudi jana kabla yetu, kawakuta wameketi. Kawauliza kwa nini hawakukimbia. Wivine, msichana mdogo wa kule, kamjibu: “Ile iko somo ya tembo. Ni mama ya shamba analalamika. Siye tuliijua.” Hortense kapewa mwaka wa sita. Imeniuma sana. Nimelia nyuma ya choo.

Jumamosi, 16
Nimetafakari. Mbinu haina kosa. Hortense kaeleweka na darasa moja. Mimi nimeeleweka na mtaa mzima, pamoja na inspekta! Somo la Jumatatu ni nyumba inayoshika moto. Ya direkta ina paa la nyasi. Nitamwomba kwa adabu.