Waraka Namba Tisa wa Homoni Zilizosimama

Ninayo heshima kubwa kuwatangazia Waswahili wote wa London, wa Edmonton kwa wa Thornton Heath, walio kazini na walio kwenye basi, kwamba foleni ya daftari letu la homoni imekwisha. Sisemi imepungua. Imekwisha. Mwaka jana ilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili. Mwaka huu ilifika watu tisa, na wanne kati yao hawapokei simu.

Aliyeimaliza ni mie, Matar, Naibu Mkurugenzi wa Mwendelezo wa Tiba za Homoni. Ofisi yetu iko Edmonton, juu ya duka la mazulia, na kazi yetu ni kuhakikisha watu wanaobadili jinsia hawakatikiwi na dawa zao. Wenye wivu wanasema nimewakata watu dawa. Waongo wakubwa! Sijamkata mtu dawa hata siku moja. Wanaokata dawa ni madaktari. Mie nakata majina.

Hebu niwaeleze taratibu, maana jambo lenyewe ni la kitaalamu. Mtu anatumia homoni zake vizuri, mara anapata maradhi: damu inaganda, ini linaleta matata, au anatakiwa kupasuliwa. Daktari anamwambia asimamishe homoni kwa wiki kadhaa. Sawa. Zamani mtu huyo akishapona alirudi akaendelea na dawa zake, bila hata kikao kimoja. Kiholela kabisa, wallahi. Mie nikauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: je, mtu asiyetumia homoni ni mtumiaji wa homoni? Mwenyekiti akavua miwani.

Ndipo ukazaliwa Waraka Namba Tisa. Mtu akisimamisha homoni kwa sababu ya afya, zikapita siku ishirini na nane, huyo si mtumiaji tena na jina lake linatoka daftarini. Akitaka kurudi, anaanza upya kama mgeni: fomu, tathmini, mashahidi wawili. Orodha ya wageni tumeifunga mpaka tuwamalize waliomo, na hatuwezi kuwamaliza kwa sababu hamna mtu. Wanasheria walinionya nisitaje kundi lolote la watu, itaonekana ubaguzi. Basi nikaandika "homoni" tu, homoni zote, kwa kila mtu, kwa usawa. Waraka ukaingizwa kwenye kompyuta za maduka ya dawa ya kanda nzima, na Bodi ikanipa tuzo ya kioo.

Mafanikio hayakosi wasumbufu. Wangu anaitwa Hayat. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, wazazi wake Wapemba, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani huku huku Edmonton. Alibadili jinsia kupitia ofisi yetu hii miaka sita iliyopita, akawa anameza vidonge vyake vya estrojeni, homoni ya kike, bila kero. Kisha damu ikaganda mguuni, daktari akavisimamisha. Kila Jumanne, akitoka zamu ya asubuhi, alikuwa anakuja dirishani kwangu.

"Bwana Matar, shikamoo."

"Marahaba. Waraka haujabadilika."

"Nimeleta barua ya bingwa wa damu. Anasema mguu umepona, natumia dawa ya kulainisha damu, na nirudie homoni, ila ziwe za plasta ya kubandika badala ya vidonge. Kaandika hapa: arudie mara moja."

Niliisoma barua yote, maana mie si mtu wa kudharau karatasi. "Tatizo liko hapa kwenye 'arudie'," nikamwambia. "Huwezi kurudia usichokitumia. Wewe unatakiwa uanze."

"Haya, nianze."

"Orodha ya kuanza imefungwa."

"Kwa nini?"

"Haina watu."

Akajifuta uso kwa bahasha ya barua. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni, na siku hiyo London ilikuwa na baridi ya kumkata mtu masikio.

"Wiki ya kumi na moja hii nakuja dirishani," akasema. "Moto unanipanda kutwa mara ishirini. Bibi ninayemhudumia ana miaka tisini, kitandani hatoki, na yeye ndiye anayenipepea kwa gazeti. Ndevu zinarudi. Nalia kwenye basi. Mwezi ujao mdogo wangu Miska anaolewa, na mama kanikatia sare pamoja na wanawake wenzangu. Miaka sita, Bwana Matar, ndiyo mara ya kwanza mama kunihesabu upande huo. Mie sitaki miujiza kufikia siku hiyo. Nataka tu nisizidi kurudi nyuma."

Nilimpa kijitabu chetu, Kuishi kwa Furaha Ukiwa Umesimama. Ukurasa wa kwanza unashauri kunywa maji. Ukurasa wa pili unashauri kutembea. Ukurasa wa tatu una picha ya mtu anayecheka.

"Mie natembea kutwa," akasema Hayat. "Ndiyo kazi yangu."

"Basi umeshafika ukurasa wa pili," nikamtia moyo.

Sasa hapa naomba msomaji awe muungwana, maana nataka kusema jambo la siri. Kwa muda wa miaka mitatu, kila asubuhi baada ya kuoga, nilikuwa najipaka jeli mabegani. Daktari alipima damu akaona homoni yangu ya kiume imeshuka chini sana, akaniandikia. Jambo hili halihusiani hata kidogo na mambo ya kina Hayat. Wao wanabadilisha, mie najazia. Naomba tofauti hiyo iheshimiwe, kama nilivyoiheshimu mwenyewe hata nisimwambie mtu yeyote isipokuwa mke wangu, Ummukulthum, ambaye alikuwa akiiona chupa kila siku.

Mwezi wa tatu vipimo vikaonyesha damu yangu imekuwa nzito. Daktari akasema nisimamishe jeli wiki sita, tuone. Nikasimamisha kwa moyo mkunjufu, kama kiongozi.

Wiki ya tatu nililia kwenye kikao. Ajenda ilikuwa mashine ya kurudufia karatasi. Mtu alisema mashine imezeeka na haina faida tena, mie nikaona machozi yananidondoka juu ya ajenda. Nyumbani nilikuwa nalala kwenye kiti saa kumi na mbili jioni, na nikiamka nafungua madirisha yote.

"Matar, funga dirisha!" Ummukulthum akanipigia kelele, kajifunika mablanketi mawili. "Hata mie nilipokoma hedhi sikukugandisha hivi!"

"Moto unanipanda, mwenzangu."

"Pole. Kunywa maji, utembee. Si ndivyo kinavyosema kile kijitabu chako?"

Wiki sita zikatimia, damu ikawa safi, daktari akaniandikia jeli upya. Nikaenda duka la dawa nimevaa tai. Yule dada wa pale akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba simo daftarini. Mie ni mgeni. Orodha ya wageni imefungwa. Nikamwuliza ni mpumbavu gani aliyeweka utaratibu huo, akaigeuza kompyuta ili nione. Saini ilikuwa yangu.

Nikarudi ofisini mbio. Afisa wetu wa tathmini ni Pramila, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, anakaa Queensbury, miaka ishirini na sita kazini hajawahi kuchelewa wala kucheka. Nilifunga mlango, nikamweleza kwa sauti ya chini. Nilitegemea huruma. Akatoa fomu ya wageni rasmi, wanaopita hata orodha ikifungwa.

"Jina?"

"Pramila, unanijua! Tumekula biriani pamoja Ijumaa!"

"Jina."

"Matar."

"Tangu lini umejihisi kuwa mwanamume?"

"Astaghfirullah! Tangu nizaliwe!"

"Una ushahidi wa wakati huo?"

"Cheti cha kuzaliwa."

"Cheti hakikubaliki. Kifungu cha sita. Si wewe ndiye uliyeandika?"

"Nina watoto watatu!"

"Kifungu cha saba. Watoto si ushahidi." Akageuza ukurasa. "Umewahi kuwa na mashaka?"

"Hata siku moja!"

"Naandika: hajawahi kujitafakari." Akaandika kweli. "Umeishi kama mwanamume miaka miwili mfululizo, bila kukatiza?"

Nikaanza kujibu, na hapo hapo kilio kikanishika. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Niliona aibu, wallahi, na hasira, na zaidi ya yote niliona uchungu kwamba mtu ninayekula naye biriani ananiuliza mie ni nani na hatosheki na jibu. Pramila alinisogezea karatasi laini huku akiandika: "Hisia: si thabiti."

"Niandikie msamaha wangu mwenyewe," nikamwomba. "Mie ni Naibu Mkurugenzi. Nina mamlaka."

"Mamlaka ya kusamehe nafsi yako uliyafuta, kifungu cha tisa. Ulisema ni kuzuia rushwa. Sasa tafuta mashahidi wawili ambao wamekujua kama mwanamume. Wasiwe jamaa. Na wawe kwenye daftari letu."

Kifungu hicho cha daftari nilikiweka ili kazi isiwe rahisi. Kiwe kigumu, nilisema, tupate watu wenye nia. Mke wangu hafai, ni jamaa. Masheikh wa msikitini hawafai, hawamo daftarini, na hata wangekuwamo, ningewaambia nini? Mle daftarini walikuwamo watu tisa. Wanne hawapokei simu. Watano niliwapigia. Watatu waliposikia jina langu walikata. Wawili waliniomba nilirudie jina, nikalirudia, ndipo wakakata.

Nikatoka kwenda chumba cha kusubiri kuvuta pumzi. Ilikuwa Jumanne. Hayat alikuwa ameketi pale na sare ya kazi, bahasha mapajani, anajipepea kwa kijitabu changu. Nikakaa kiti cha pembeni yake. Sikuwahi kukaa kwenye viti vile, ni vigumu mno.

"Bwana Matar, unaumwa?" akaniuliza. "Mbona umerowa hivyo?"

Nikamweleza. Yote, jeli, mabega, mashine ya kurudufia. Nilitegemea acheke mpaka aanguke. Hakucheka. Aliacha kujipepea, akanipepea mie.

"Wiki ya ngapi?" akauliza.

"Ya saba."

"Ya saba ni mbaya. Ya tisa ni mbaya zaidi. Vaa pamba, na usinywe chai ya moto mchana."

"Hayat, nataka uwe shahidi wangu."

"Mie simo daftarini. Ulinitoa."

Ni kweli, nilimtoa. Msomaji atakumbuka kwamba mie ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa mmoja tu: shahidi asiyekuwamo hana budi kuingizwa. Kuingiza watu kulibaki mikononi mwangu. Niliwahi kujipa mamlaka hayo kwa ajili ya wageni rasmi. Nikamwita Pramila, akaja na daftari, akaliweka mezani. Nikaandika jina la Hayat, nikaandika kwamba yu mtumiaji na hakuwahi kuacha kuwa mtumiaji, nikaandika arudie homoni leo, za plasta, kama alivyosema bingwa wa damu. Nikatia saini. Ilichukua dakika nne. Kwa wiki kumi na nne alikuwa akija kila Jumanne, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika nne.

Pramila akapeleka ujumbe duka la dawa. Hapo hapo simu ya Hayat ikalia mkobani: plasta zako ziko tayari, njoo uchukue.

Hayat alisimama. Akaisoma ile simu mara ya pili na ya tatu, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akaokota mkoba wake, akaenda mlangoni.

Ndipo nilipong'amua kosa langu. Nilimpa haki yake kabla hajanipa ushahidi wangu. Mwanasheria yeyote angenicheka. Hakuwa na sababu yoyote ya kugeuka. Duka la dawa linafungwa saa kumi na mbili, basi lilikuwa linakuja, harusi ilikuwa baada ya siku tisa. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

"Hayat," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba. "Si unaniona? Si unaona mie ni nani?"

Akageuka.

"Swali hilo mie nilikuuliza Jumanne kumi na nne, Bwana Matar," akasema. "Ukanijibu kwa kifungu."

Nikatafuta kifungu cha kumjibu, nikakikosa. Mie! Mtu niliyeandika kurasa arobaini.

Akarudi mpaka kwenye meza, akamwomba Pramila kalamu, akainama akaandika bila kukaa. Hakufikiri sana. Alipomaliza aliirudisha kalamu, akasema kwaherini, akateremka ngazi mbio, na tulimsikia mpaka chini.

Pramila aliisoma karatasi ile kwa sauti, kwa sababu kifungu cha kumi na tatu kinamtaka asome kwa sauti:

"Namjua Bwana Matar miaka sita. Siku ya kwanza alisema yeye ni mwanamume, nikamwita Bwana. Sikumwomba cheti. Haikunigharimu kitu."

Akaigonga muhuri. Akaandika pembeni: shahidi mmoja, pungufu mmoja. Kisha akaniambia, kwa heshima zote, nirudi nikakae na wenzangu kwenye viti mpaka apatikane wa pili.

Nikaenda nikakaa.