Mkaguzi Alikuja Kuona Fremu, Mimi Nimefungiwa Chooni

Jamani, leo nimepatikana. Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Papa Deo, maana yule akisimulia anaigiza na sauti.

Wale mliosikia ile voisi niliyotuma kundini asubuhi, ya dakika kumi na nne, tulieni. Anayepiga kelele "nimezibwa!" mwishoni ni mimi. Niko salama. Nipo nyumbani Toongabbie na nimeoga mara mbili.

Kwa wageni kundini: mimi ni Idi, mtu wa Tanga, kazi yangu kupiga watu eksirei hospitalini huku ughaibuni. Mwaka huu mimi na mke wangu Rehema tunajijengea nyumba wenyewe, kule nyuma ya Penrith. Yaani hatukuchukua kampuni. Unasoma kozi, unaomba kibali, ukipewa basi msimamizi wa ujenzi ni wewe, na lolote likiharibika wa kuulizwa ni wewe. Kozi nilisoma mimi. Kibali kina jina langu. Tangu siku hiyo nimekuwa mwalimu wenu wa ujenzi, na mnaniita Injinia. (Nilianza kujiita mwenyewe. Nyie mlikubali ili yaishe.)

Sasa leo ilikuwa siku ya ukaguzi wa fremu. Fremu ni mifupa ya nyumba: mbao za kuta zimesimama, za paa zimepanda, ndani unaona kila kitu. Mkaguzi lazima aione ikiwa hivyo hivyo uchi, kabla hujaivisha matofali nje na mabamba ya jasi ndani. Ukiwahi kufunika utaambiwa ufunue. Mafundi matofali wetu wanaanza kesho. Tukifeli leo, wanakwenda kwenye kazi nyingine na kurudi kwao ni baada ya wiki sita. Na nyumba tunayopanga hapa, mwenyewe anaitaka baada ya miezi mitano. Kwa hiyo mnaelewa nililala vipi.

Tulifika kiwanjani saa mbili. Rehema ameshika jalada lake la bluu. Hilo jalada ni kama mtoto wa tatu wa nyumba hii. Kila mchoro umo, kila barua imo, kila picha ya kila mbao. Nimemcheka miezi yote hii. "Mke wangu, utajenga kwa karatasi?" Ananitazama tu, anatoboa karatasi nyingine, anaingiza.

Lazima niwaambie pia habari ya alama. Matofali yalikuwa yanaletwa leo, na jana nilipaka rangi ya chungwa chini, alama kubwa ya X, kumwonyesha dereva pa kushusha. Karibu na choo cha mafundi, kile cha plastiki cha kukodi, kwa sababu pale ardhi ni ngumu na lori linafika. Nilipima kutoka mlango wa choo hadi kwenye X. Sentimita themanini. Mtu anapita vizuri. Nilipima mara mbili! Tena kwa futi, si kwa macho!

Saa tatu kasoro, Papa Deo yuko juu ya paa anamalizia. Papa Deo ni fundi seremala wetu, Mkongomani wa Bukavu, ana leseni na ana kifua. Bastola yake ya misumari inalia ta! ta! ta! mtaa mzima. Rehema amekwenda kona ya mbali kusimamisha uzio ulioangushwa na upepo. Mimi nikaingia chooni.

Niseme ukweli. Sikuingia kwa haja tu. Niliingia kuwarekodia nyie voisi, maana kiwanja kizima pale ndipo penye kuta peke yake. Nikavaa vifunika masikio, simu mdomoni, nikaanza.

"Ndugu zangu, leo tuongelee makosa ya watu wanaojenga bila mpangilio..."

Mmeisikia, sirudii yote. Nikawaambia choo cha mafundi kiwepo kabla ya kazi. Uzio uwepo. Kibao mbele chenye jina lako na namba ya kibali. Umeme na mabomba usiguse, hata kama kwenu ulikuwa unafunga taa mtaa mzima. Huku ni mwenye leseni tu. Kisha nikakohoa kidogo, nikasema kwa ile sauti nzito:

"La mwisho, njia. Msimamizi anayejua kazi haruhusu mzigo uzibe njia."

Choo kikatikisika. Nikadhani Papa Deo ameangusha mbao. Nikaendelea kufundisha.

Nilipomaliza nikavua vile vifunika masikio, nikasukuma mlango. Tok! Nikasukuma tena. Tok! Nikachungulia kwenye upenyo. Matofali. Mekundu, mazuri, yamepangwa juu ya paleti, kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kifuani.

Dereva alikuwa ameshusha na kreni yake, akaondoka zake. Na msimlaumu, kwa sababu yule bwana alifanya kazi kama alivyoagizwa. Katikati ya paleti iliangukia katikati ya X, haikupotoka hata kidole. Tatizo ni kwamba paleti ina upana, jamani! Mimi nilipima hadi kwenye X kana kwamba matofali yatashuka kwa mstari mmoja kama wanafunzi. Zile sentimita themanini, sitini zimeliwa. Upenyo uliobaki unapitisha mkono na bega. Nikajaribu kichwa, kikapita nusu. Tumbo likakataa hata kuanza mazungumzo.

Nikapiga kelele. Ta! ta! ta! Papa Deo hasikii. Nikataka kumpigia Rehema, nikaona voisi bado inarekodi. Nikabonyeza kuifuta.

Sikuifuta. Niliituma.

(Watu mia moja na tisini. Asanteni kwa zile alama za kucheka. Nilikuwa naziona zikiingia, moja moja, nikiwa nimekaa mnajua wapi.)

Kabla sijapumua nikasikia gari, kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua, inaongea na Rehema. Mkaguzi! Kawahi dakika ishirini!

"Nahitaji kumwona msimamizi," akasema. "Mwenye kibali."

"Yupo," Rehema akajibu. "Alikuwa hapa sasa hivi." Kisha kwa Kiswahili, kwa nguvu: "Baba Nasra! Uko wapi?"

"Humu!"

"Humu wapi?"

"Chooni. Nimezibwa na matofali."

Nimeishi na huyu mwanamke miaka kumi na miwili, namjua. Pale alikuwa ameuma mtandio asicheke.

Mara upenyo ukafunikwa na jicho. Jicho la kijivu, miwani juu yake, nywele nyeupe. Mama wa kama miaka sitini, buti zake zina umri wa Nasra wangu.

"Uko salama?" akauliza. "Umeumia popote? Hewa ipo?"

"Hewa ipo," nikasema. (Ya aina yake.)

Hakucheka. Nataka niandike hilo kwa heshima: yule mama hakucheka. Akaniambia ana ukaguzi mwingine Campbelltown, akiondoka hapa nafasi nyingine ni wiki ijayo. Mke wangu anaweza kumtembeza kwenye nyumba, ila kwanza ahakikishe mwenye kibali kweli yupo kiwanjani. Kwa hiyo nitoe kitambulisho.

Nikatoa kibali na leseni ya udereva kupitia upenyo, mkono mmoja, kama mtu anayeuza karanga kwenye dirisha la basi. Akatazama picha. Akanitazama mimi, yaani ile robo ya mimi inayoonekana.

"Sogea kidogo kwenye mwanga," akasema. Nikasogea. "Sawa. Ni wewe."

Wakaondoka kwenda kwenye fremu. Papa Deo akateremka, akaja akaona. Huyu sasa alicheka hadi akashika ukuta wa choo, na mimi ndani nikayumba.

"Patron, usiogope," akasema. "Tutakutosha humo."

(Kwao kutosha maana yake ni kutoa. Kwangu mimi yalikuwa yameshanitosha.)

Akaanza kuhamisha matofali kwa mikono, moya moya kama anavyosema mwenyewe, kila tofali na ucheshi wake. Ila bastola imenyamaza, na kupitia tundu la hewa nikaanza kusikia ukaguzi wa nyumba yangu unaendelea bila mimi.

Mkaguzi anauliza vyuma vinavyofunga paa lisinyanyuliwe na upepo. Rehema anataja ukurasa, anataja ukuta, nasikia karatasi inageuka. Anauliza nani ametoboa nguzo za bafuni kupitisha mabomba. Rehema anasema fundi bomba alitaka kukata tundu kubwa, akamzuia, akampimia ukubwa unaoruhusiwa, akamwandikia na ubavuni mwa mbao kwa kalamu. Mimi nasikiliza kama mtu anayesikiliza mechi redioni. Habari za kalamu nilikuwa sina.

Kisha wakafika gereji.

"Ukuta huu," mkaguzi akasema, "mchoro unaonyesha plaiwudi ya kukazia."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Kwa sababu wiki tatu zilizopita Rehema aliniambia maneno hayo hayo: "Baba Nasra, mchoro unaonyesha plaiwudi kwenye ukuta wa gereji, mbona haipo?" Na mimi nikamjibu, "Mke wangu, kozi nimesoma mimi." Nikaupiga ukuta teke aone ulivyo imara. Nikasahau.

Bila hiyo plaiwudi ukaguzi umefeli. Mafundi wanaondoka. Na mwenye nyumba akiitaka yake, sisi tunalala wapi? Nikafungua mdomo nipige kelele kwamba kosa ni langu, si la mke wangu, asimwandike yeye.

Rehema akaniwahi.

"Ipo, ni hii hapa," akasema. "Misumari imepigwa kwa nafasi ya kwenye mchoro, unaweza kupima. Hizi ni picha za kabla na baada. Na hii barua ya injinia wa michoro, nilimuuliza kwanza."

Alimpigia injinia mwenyewe. Aliagiza plaiwudi mwenyewe. Papa Deo aliifunga Ijumaa mimi nikiwa kazini. Na hakunificha! Baadaye nimekumbuka: aliniambia tukiwa tunakula, nami nikajibu "mhm," kwa sababu nilikuwa nawaandikia nyie ushauri kuhusu kuta.

Nikasikia mkaguzi anapima. Anagonga mbao. Anapima tena. Kisha akauliza:

"Jalada hili ameandaa nani?"

"Mimi."

"Unafanya kazi gani?"

"Nahudumia wazee."

"Kampuni kubwa zinaniletea karatasi zenye madoa ya chai," yule mama akasema. "Sijui mara ya mwisho nimeona kazi kama hii ni lini. Nyumba hii ina bahati kuwa na wewe."

Nisiwafiche, pale nilisahau niko wapi. Mke wangu anaamka saa kumi na moja, anakwenda kuwaogesha wazee wa watu, anarudi anapika, halafu anakaa mezani na michoro ile hadi aielewe. Mimi nilidhani ana wasiwasi. Kumbe alikuwa anajenga! Mwenye cheti ni mimi, mwenye akili ni yeye, na nilikuwa sijawahi kumwambia hata siku moja. Nikajikuta napiga makofi. Peke yangu. Chooni. Pa pa pa!

"Yuko sawa kweli?" mkaguzi akauliza.

"Ndivyo alivyo," Rehema akasema.

Papa Deo alikuwa ameshusha matofali hadi usawa wa goti. Nikaona natosha sasa. Nikaanza kutoka kinyumenyume, mguu mmoja juu ya paleti, wote watatu wamesimama wananitazama. Nikanasa. Mkanda wangu wa vifaa, ule wenye nyundo na futi na mifuko sita (nyundo yenyewe bado ina kibandiko cha dukani), umeng'ang'ania kitasa.

"Fungua mkanda," mkaguzi akaniambia kwa upole.

Nikafungua. Nikatoka.

Suruali haikutoka. Ule mkanda ndio uliokuwa unaishikilia.

Nimesimama mbele ya mkaguzi, fundi wangu na mke wangu, kofia ngumu kichwani, buti za chuma miguuni, na katikati bukta yenye vichwa vya twiga aliyoninunulia Nasra siku ya kuzaliwa. Papa Deo alikaa chini kabisa, kwenye udongo. Yule mama mkaguzi, ambaye alikuwa amejizuia nusu saa nzima, akageuka akatazama paa letu kwa muda mrefu sana. Mabega yanatikisika.

"Paa zuri," akasema.

Rehema akaweka jalada na michoro chini, akanivalisha suruali kama anavyowavalisha wazee wake, haraka na kwa heshima, akanifunga mtandio wake kiunoni. Nikamwambia hapo hapo, mbele ya watu, "Rehema, nyumba hii umeijenga wewe." Akasema, "Najua. Sogea, unakanyaga michoro."

Fremu imepita! Ripoti imekuja jioni hii. Kuta, paa, gereji, yote safi. Mwishoni kuna nafasi ya maoni, na mkaguzi ameandika mstari mmoja: "Mlango wa choo ulikuwa umezibwa na matofali, msimamizi alikuwa ndani."

Karatasi hiyo inakaa na nyumba. Hata wajukuu wangu wakitaka kuuza, mnunuzi ataisoma.

Basi. Kesho mafundi matofali wanaanza. Kuanzia leo mwenye swali la ujenzi amuulize Rehema, na mimi mniulize eksirei tu. Kucheka mmeruhusiwa, ila mchekee huko huko kwenu, simu yangu ina asilimia tatu.