Yah: Ombi la Kufunga Bwawa kwa Sababu ya Magoti ya Mama Mkwe

Ndugu Meneja wa Bwawa la Kuogelea,

Natumaini u mzima, wewe na maji yako. Mimi si mzima, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni karani wa masjala, nakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Nyumba hiyo niliichagua kwa akili zangu timamu, maana magoti ya mama mkwe yalikuwa yakigoma ghorofa ya kwanza. Kwa miaka sita tuliheshimiana vizuri sana kwa simu.

Ndipo mkabandika tangazo: kuogelea ni mazoezi ya kila mtu, mzee kwa kijana, mnene kwa mwembamba, mwenye nguvu na asiye nazo. Kwani mngeandika "baadhi ya watu" mngepungukiwa nini? Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa kwanza mama mkwe alishika ukingo na kurusha miguu tu. Nikacheka. Wa pili akafika ghorofa ya pili. Nikaacha kucheka. Wa tatu akapiga hodi mlangoni kwangu, hahemi, nami nimevaa bukta.

2. Mke wangu ni muuguzi, Jumamosi huwa zamu. Nilimwambia siku hiyo mimi hufua na kudeki. Sasa mama yake hutoka kwenu moja kwa moja, nywele mbichi, akajionea jinsi ninavyodeki nikiwa nimelala. Ndoa yangu iko mashakani, na chanzo ni maji yenu.

3. Mwalimu wenu humfundisha kwamba anayeanza asishindane na mtu, aende kwa pumzi zake. Mbona basi ananishinda mimi? Juzi tulipanda pamoja, yeye na ndoo ya unga, mimi na mkate. Ghorofa ya tatu alinisubiri, akanipokea hata huo mkate.

4. Ananitaka twende wote. Mimi na mkwe wangu, bwawa moja, nguo zenyewe zile! Mungu aniepushe.

Kwa hiyo naomba bwawa lifungwe. Kama hilo ni zito, basi wakwe wapimwe mlangoni, na atakayeonekana anapata nafuu arudishwe nyumbani.

Nisalimie mwalimu, mkata tiketi na yule mwenye filimbi. Wa nyumbani kwangu wote wanawasalimu, mmoja wao kwa furaha inayoniudhi.

Wako mwenye kutweta,
Mkazi wa ghorofa ya nne

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, mkafunga wenyewe kwa usafi. Jumamosi hakuja mtu. Nikalala mpaka saa nne, kisha nikaona aibu, nikaenda kwake. Nilimkuta kwenye kiti cha marehemu baba mkwe, ameukabili ukuta, chai imepoa, vilevile mke wangu alivyonisimulia kwamba alikaa miaka miwili mizima baada ya mazishi. Sikuwahi kujiuliza ni nini kilimtoa pale. Ndugu Meneja, roho imeniuma. Tafadhali fungueni. Kama kilichobaki ni kusugua vigae, nipo, nakuja na brashi yangu.