Yai la Emu la Kelby Flat

Terry Mott alikuwa na kanuni moja ya kazi: usiibe kamwe kitu ambacho mwenyewe anaweza kukubembeleza ukichukue. Kwa hiyo alipoingia kwenye makumbusho ya Kelby Flat, kimji cha Australia, kukimbia jua, akapita penye mikasi ya kunyolea kondoo na picha za madiwani waliokufa wamenuna, akafika mbele ya kabati la kioo, hakuiba chochote. Alimeza mate tu.

Kabatini mlikuwa na yai la emu, yule ndege mkubwa kama mbuni, juu ya kitako cha fedha, kangaruu wawili wakililinda. Kazi ya masonara wa kale! Melbourne kuna watu wangeuza nyumba walipate.

"Umelipenda?" aliuliza Mama Merle Duggan, bibi wa zamu, huku akimwekea chai na skonzi za jamu.

"Naitwa Daktari Ashcombe," alisema Terry, ambaye udaktari wake ulianza hapo hapo. "Nakagua vitu vya kale. Mama, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Nifurahishe kwanza."

"Skonzi zako hazina mfano."

"Haya, lete ukweli."

"Yai hili takataka. Tena zamani mayai haya waliyapaka sumu yasioze. Watoto wa shule wanapita hapa?"

"Mungu wangu! Kila Alhamisi!"

Terry akainamisha kichwa kama mchungaji kaburini. Yuko tayari, alisema, kujitwika mzigo huo akautupe mbali, bila malipo.

"Una roho nzuri, mwanangu. Ila kamati yetu ina sheria: hakitoki kitu bila kuingia kitu. Rafu ikibaki tupu, watanila nyama." Macho ya bibi yakatua kwenye mfuko wa kizibao cha Terry. "Hiyo saa je?"

Saa ile ilikuwa ya marehemu baba yake, dereva wa treni, na Terry alimwambia bibi ni ya baba. Dhahabu tupu, na kitu pekee ambacho Terry hakukipata kwa ulaghai. Aliwahi kulala njaa asiiuze. Ilimuuma sana kuifungua kizibaoni na kumpa bibi, lakini ndiyo hivyo, tamaa mbele, mauti nyuma. Alitamani pia kulitazama yai kwa kioo cha kukuzia. Ila ukishasema kitu ni takataka, huwezi tena kukikagua kama mchumba. Akaliviringisha ndani ya taulo la vyombo na kuondoka, Mama Merle akimpungia mkono.

Sonara wa Melbourne alicheka mpaka akakohoa. Yai lilikuwa la emu kweli, na emu huko Kelby Flat hawana idadi. Lakini kitako kilikuwa vikombe vya mashindano ya klabu, vimekatwa, vikaungwa na kupakwa rangi ya fedha. Chini ya kangaruu mmoja bado yalisomeka maneno: Mshindi wa Pili, Wanawake.

Kesho yake Terry alirudi amefura. Yai lingine lilikuwa limeshatagwa kabatini. Mama Merle alikuwa akimmiminia chai konstebo wa mji, jitu lenye mikono kama majembe.

"Mama, umenipiga!" Terry alinong'ona.

"Mimi tena? Si wewe mtaalamu uliyesema ni takataka? Nikakuamini."

"La kweli liko wapi?"

Bibi akaelekeza kijiko juu. "Ndilo hilo bati la paa. Yai tuliliuza mwaka paa la zamani lilipoanguka. Haya mengine tunawawekea wataalamu. Mnakuja wengi, asanteni. Ile kamera alituachia profesa, na ile pete, askofu."

"Nataka saa yangu."

Saa ilikuwa kwenye rafu, na kadi safi chini yake: *Saa ya marehemu Mzee Ashcombe. Zawadi ya mwanawe, Daktari.* Kila Alhamisi watoto wataonyeshwa saa ya baba yake, wakitajiwa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

"Kuna kosa kwenye kadi?" Mama Merle aliuliza, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Taja jina lako tu, mwanangu. Konstebo ataandika."

Konstebo akaweka skonzi chini, akajifuta vidole, akatoa kalamu. Alisubiri kwa tabasamu la mtu asiye na haraka.

Terry akaitazama saa. Ilikuwa inatembea, mtu alikuwa ameitia ufunguo asubuhi hiyo.

"Hapana, mama," alisema. "Hakuna kosa."