Bwana Harusi Aliyekuja Ndani ya Mrija

Kensington, Johannesburg

Kwa Mheshimiwa Bwana Zephania, Mkuu wa Huduma ya Uhimilishaji wa Ng'ombe,

Salamu kwa heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa nasikia ulizaliwa Morogoro, wazazi wako wakiwa ukimbizini, basi adabu unaijua. Mimi ni Ignace, fundi cherehani. Nina ng'ombe mmoja, Mapendo, katika kiwanja chetu nje ya jiji. Mtaalamu wako Thabo amempandikiza mbegu mara mbili, na mara zote mbili hakushika mimba. Mke wangu Clémentine ameapa kwamba ikishindikana tena, Mapendo anakwenda bucha ya Fordsburg. Roho inaniuma sana, ndiyo maana nalalamika:

1. Bwana harusi alikuja ndani ya mrija, amegandishwa kama samaki wa supamaketi. Hakuna mjomba, hakuna shangazi, hakuna hata kreti ya soda. Kwetu Bukavu hata mbuzi haozwi hivyo.

2. Thabo anataka tumchungulie Mapendo asubuhi na jioni, tuone kama anasimama kimya akipandwa na ng'ombe wenzake, ndipo tumwite upesi. Bwana Mkuu, sisi ni watu wa kanisa! Mapendo nimemfungia peke yake ili aibu hiyo isimpate. Thabo namwita Jumapili baada ya ibada, ukoo wote ukiwa umependeza.

3. Kwaya yetu ilikuja na spika kumsindikiza. Mapendo akaruka uzio, tukamkimbiza hadi kwenye robot, zile taa za magari za barabara kuu. Taa ilikuwa nyekundu, hakujali. Thabo akashika kichwa: eish, baba, ng'ombe anataka utulivu na kivuli! Tangu lini harusi ikawa na utulivu?

4. Kwa hiyo naomba fahali aje mwenyewe, na wazee wawili. Kama yuko ng'ambo, mlipieni nauli. Na kama amekwisha kufa, kama Thabo anavyodai, basi mmeniozeshea Mapendo kwa marehemu, na suala hili litafika kwa mchungaji.

Nisalimie mama watoto, wafanyakazi wote, na mafahali walio hai.

Wako mwenye uchungu wa mkwe,
Ignace

N.B. Bwana Zephania, mimi ni Clémentine, ndimi niliyetumwa kuileta barua hii. Miezi miwili iliyopita, Ignace alipokwenda Randburg na kwaya, nilimfungulia Mapendo akachanganyika na ng'ombe wa jirani. Asubuhi alisimama kimya akipandwa, jioni Thabo akaja na mrija wake, kimyakimya. Juzi amempima: ana mimba. Bucha ilikuwa ya kumtisha mume, si ng'ombe. Nakuomba sana usimjibu Ignace mpaka ndama azaliwe. Akijua leo, kesho kwaya iko zizini.