Shati Nililojikatia Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Miaka tisa nakata sare za shule katika karakana hii, na bado nasimama kutwa! Kiti cha msimamizi kitupu tangu mzee astaafu. Leo nimemnong'oneza mpiga pasi, kwa siri, kwamba karakana ya ng'ambo ya barabara inanitaka. Uongo mtupu. Lakini ukimwambia mpiga pasi kwa siri, umetangaza. Bosi akisikia, atanipa cheo nisiondoke.

Jumatano, 6 Machi
Habari zimefika! Bosi kaniita, kanitazama kwa huzuni, kasema nimewafaa sana. Mke wangu kauliza mbona napiga mluzi. Nimemwambia asubiri Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi
Mshona vifungo kaniletea vipimo vya shati, kitambaa cha bei, nikate haraka. Eti ni la mkubwa mmoja. Kifua changu! Mikono yangu! Hata kitambi changu! Shati la msimamizi, la nani tena? Nimelikata kwa mapenzi yote.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Shati ni la kuniaga! Anayeondoka hapa hushonewa shati, kila fundi kipande chake. Nimeshawakatia sita, na bado sikung'amua. Bibi wa kola kalia machozi ya kweli, kasema karakana itapooza. Nami nikalia. Kazi ya huku inaniponyoka, ya ng'ambo haipo, na nyumbani kuna watoto watatu. Nikakiri palepale mbele ya wote. Bosi kasema usimamizi kampa mshona vifungo tangu jana, na mimi nitabaki ikiwa tu mama huyo atanikubali. Kanikubali. Kasema wanangu hawana kosa. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 11 Machi
Nimevaa shati. Limenikaa barabara, kola hasa. Nimeapa mbele ya mke wangu: umbeya, basi!
Saa nne msimamizi mpya kaketi kwenye kile kiti. Kakizungusha mara mbili. Saa tano nimemnong'oneza mpiga pasi, kwa siri, kwamba sasa ng'ambo wanamtaka yeye.
Saa nane mama wa watu kaja mwenyewe, kauliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia lisemwalo lipo.
Kisha nikamwomba vipimo vyake.